Kuupima Muziki wa RealTracks kwa Sikio

Kampuni ya PG Music ya Kanada ilipotoa programu ya Band-in-a-Box mwaka 1990, uliandika kodi za wimbo, ukachagua mtindo, na kompyuta ikakupigia besi, dramu na kinanda kwa sauti za mashine. RealTracks zilizokuja baadaye ni jambo jingine. Hivi ni vipande vilivyorekodiwa na wapigaji hodari, akiwamo Brent Mason, mpiga gitaa wa Nashville, na programu huvichagua na kuviunga kufuata kodi zako. Ndiyo maana karibu kila kinachotoka humo huvutia mara ya kwanza. Upigaji ni mzuri tayari. Kinachopimwa ni kazi ya aliyeupanga.

Anza na mwendo. Kila kipande kina mwendo wake wa asili, nao umeonyeshwa kwenye orodha ya RealTracks. Chukua gitaa lililopigwa kwa mapigo 120 kwa dakika, literemshe hadi 75, kisha zima vyombo vingine ulisikilize peke yake. Mguso wa kidole kwenye waya unapoteza ukali, na noti ndefu zinaanza kuyumba. Hata uharibifu huo usipokuwapo, mpigaji wa wimbo wa haraka hajazi nafasi kama anavyojaza wa wimbo wa taratibu. Mimi ningechukua kipande kilichorekodiwa karibu na mwendo wa wimbo wangu, hata kama sauti yake siyo niliyoipenda kwanza. Angalia pia kwamba besi ya swingi haikuwekwa juu ya dramu za mapigo yaliyo sawa. Hapo muziki hugombana wenyewe kwa wenyewe.

Kosa kubwa zaidi ni msongamano. Wapigaji hawa hawakumsikia mwimbaji wako, na mara nyingi hawakusikiana wao kwa wao. Ukiweka gitaa la solo, piano na fidla kwa pamoja, kila mmoja atajaza pengo lilelile mwishoni mwa mstari, na maneno yatamezwa. Usindikizaji bora una chombo kimoja tu cha kumjibu mwimbaji. Vingine vinashika kodi na mapigo. Sikiliza ubeti wa kwanza: kama tayari kila mtu anapiga kwa nguvu, kiitikio hakitakuwa na pa kupandia. Fundi wa kweli huanza na besi na gitaa moja, dramu zikaingia baadaye.

Ishara nyingine ya fundi ni kimya. Unapoandika kodi, nukta moja baada yake hunyamazisha vyombo, mbili huvifanya vipige mara moja na kukata, tatu huviacha vishikilie sauti. Ni alama ndogo, na wengi hawazigusi kabisa, ndipo wimbo unapotiririka tangu mwanzo hadi mwisho bila kupumua. Bendi ya watu husimama pamoja kabla ya kiitikio. Nukta hizo ndizo zinazoisimamisha ya kompyuta.

Kabla hujahifadhi kazi yako, mpe mwimbaji aimbe nayo bila wewe kugusa kitufe cha sauti. Akilazimika kupaza ili asikike, rudi ukaondoe chombo kimoja.