Ebrahim Hussein na Mgogoro wa Maiti: Kwenye Ukingo wa Thim kwa Jicho la Rungwe

Ebrahim Hussein, aliyezaliwa mwaka 1943 kusini mwa pwani ya Tanganyika, anajulikana na wengi kwa Kinjeketile (1969) tu, na sifa za mchezo huo zimewafunika wadogo zake. Baada yake zilifuata Mashetani (1971), Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi zilizotoka pamoja mwaka 1976, Arusi (1980), na Kwenye Ukingo wa Thim (1988). Hussein ni mshairi vilevile, wala ushairi wake haukukaa nje ya jukwaa: Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi ni kazi za mtambaji mmoja asemaye kwa mistari. Shahada yake ya udaktari, aliyoipata Berlin mwaka 1975, ilihusu maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki.

Kiini cha Thim kilitoka Kenya. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika karibu na Nairobi, na ukoo wa marehemu ukadai azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama iliupa ukoo haki, na mazishi yakafanyika Mei 1987. Katika mchezo, Herbert na Martha wamesimama mahali pa hao wawili.

Aghalabu mchezo huu huelezwa kuwa ni vita vya mila na usasa. Maelezo hayo si uongo, lakini ni mepesi, na yafaa kupimwa mahali ambapo mila yenyewe ilipangwa kwa namna nyingine. Mahali hapo ni Rungwe. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walieleza vijiji vilivyojengwa si kwa ukoo bali kwa rika. Wavulana wa umri mmoja walitoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao, wakaoa na kuzeekea humo. Wema mkuu ulikuwa ukwangala, yaani kukaa vizuri na wenzi. Ukoo, kwa upande wake, ulitawanyika. Uliunganishwa na ng'ombe, na mali pamoja na wajane vilirithiwa na ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo siku ya msiba makundi mawili yalikutana uani: ndugu waliotoka mbali wakiwa na haki ya damu, na majirani waliokuwa na haki ya kuishi pamoja na marehemu. Jirani asiyefika mazishini alijitia katika shaka ya uchawi.

Vijiji hivyo vya marika vimekwisha, na si lazima kuvililia. Walakini vinaonyesha upungufu ambao msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hauoni upesi. Katika Thim mgogoro una pande mbili tu: ukoo na mke. Mtu wa tatu, jirani, hana mamlaka yoyote juu ya maiti. Herbert aliishi mjini miaka mingi, lakini mji haukumpa watu wanaoweza kusema, "Huyu alikuwa wetu." Ndiyo maana Martha anashindwa kwa urahisi wa kutisha. Anaachwa na sheria na mapenzi yake, na vyote viwili havina mikono ya kubeba jeneza. Ukoo nao unashinda bila kujaribiwa: haukulazimishwa kueleza mbele ya walioishi na marehemu kwa nini damu ipite ujirani. Kama Hussein alikusudia pengo hilo, basi ameuona mji wetu kwa ukali kuliko wahakiki wake. Kama hakukusudia, pengo hilo ni kasoro, maana ukoo unabaki kuwa nguvu tupu badala ya kuwa hoja.

Neno la jina la tamthilia linaelekea kuunga mkono dhana ya kwanza. Thim ni Kidholuo: pori, mahali pasipo makazi ya watu. Kiswahili kina pori, nyika na mwitu, lakini Hussein aliliacha neno hilo bila kulifasiri, akaweka mbele yake "ukingo" wa Kiswahili. Mhusika na msomaji wanasimama pamoja mpakani mwa lugha mbili. Tena pori hilo haliko Siaya peke yake. Nyumba isiyo na majirani, hata ikiwa na umeme na maktaba, tayari imo thim.

Kundi litakaloigiza mchezo huu Tukuyu litakuwa na swali gumu la jukwaani: maiti ichukuliwapo, watazamaji waliozoea kusimama uani na wafiwa waketi wapi?