Namna ya Kuijua Land Rover Iliyofufuliwa kwa Insafu

Barabara itokayo Shinyanga kwenda Kahama, na kutoka huko ikaendelea hadi Geita kwenye machimbo ya dhahabu, ina magari mengi yaliyostaafu, na miongoni mwayo hakuna lenye heshima kama Land Rover ya zamani iliyokalishwa juu ya matofali chini ya mwarobaini, kuku wakitaga chini ya usukani wake. Gari hilo lilianza kuundwa Uingereza mwaka 1948, miaka minane baada ya Mkanada John Williamson kuzigundua almasi za Mwadui, na wakati mgodi wa zamani wa Geita, uliokuja kufungwa mwaka 1966, ungali ukitoa dhahabu. Nalo likawahudumia mabwana shamba wa pamba, waganga na polisi, katika nchi ambayo masika huigeuza mbuga nyeusi kuwa gundi na kiangazi huirudisha kuwa vumbi. Si ajabu, basi, kwamba watu wanalitamani tena, hasa tangu Oktoba 2024 Arusha ilipoandaa tamasha lake la Land Rover. Wala si ajabu kwamba wapo wauzaji waliojifunza kulipamba gari bovu kwa rangi ya kuvutia macho.

Mimi na mke wangu huyafufua magari haya uani kwetu. Mimi hushika chuma na injini, yeye hushika umeme na viti, na tangu mwanzo tumejiwekea sharti moja ambalo naliona kuwa ndilo faida kubwa ya mume na mke kuifanya kazi hii pamoja: aliyeifanya kazi hana ruhusa ya kuipitisha. Nikifunga breki, yeye ndiye mkaguzi. Akiunga nyaya, mimi ndiye mkaguzi. Na maadamu jicho la aliyejichosha hulisamehe lile lililomchosha, sharti hili limetuokoa mara nyingi kuliko vifaa vyetu vyote. Mnunuzi naye, anapolikagua gari la watu wengine, na ajifanye kuwa yule wa pili.

Na aanze chini, kwenye chasisi, alale chali juu ya gunia bila kuona haya. Chasisi ya Land Rover ni sanduku refu la chuma lenye uwazi ndani, na tope likiingia humo halitoki kwa urahisi. Hukaa, hushika unyevu, na chuma huliwa toka ndani ilhali nje kungali kuzima. Chukua bisibisi, uchokoe kwenye matundu ya kutolea maji, uitazame ardhi itakayodondoka kiganjani mwako. Ikiwa nyekundu, yamkini gari lilitumika katika vilima vya Geita, kwenye mvua nyingi, nawe ongeza tahadhari; ikiwa nyeusi na ngumu kama tofali, hiyo ni mbuga ya Usukuma; na ikiwa mchanga mweupe, ule ambao Wasukuma huuita luseni, shukuru, kwa maana luseni haushiki maji. Pasipodondoka kitu chochote katika gari la miaka sitini, muulize fundi amelioshaje, naye akiwa mkweli atakueleza kwa furaha, kwa kuwa ni kazi ya siku mbili na ya mabomba mengi ya maji.

Baada ya hapo gonga kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, toka boriti ya nyuma hadi vishikio vya springi za mbele. Chuma kizima hujibu kwa mlio mkali unaobaki sikioni. Chuma kilicholiwa hujibu kama debe lililofunikwa kwa nguo. Kiraka si aibu, maana hakuna chasisi ya umri huo isiyokuwa na kiraka katika nchi hii. Aibu ni kiraka kilichochomelewa juu ya kutu, na alama yake ni mshono uliovimba, wenye vitundu kama mkate, tena uliofunikwa kwa lami nyeusi nzito ili usionekane. Fundi mwenye insafu hukata hadi afike kwenye chuma cheupe, hupachika chuma cha unene ule ule, kisha hupaka rangi nyepesi tu, kwa sababu anataka mshono wake uonekane.

Kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia, ndipo nambari ya chasisi ilipogongwa tangu zama za Land Rover za 1958 na kuendelea. Isome, uilinganishe na kadi ya gari. Kama nambari hazipatani, kagua hadi hapo tu, urudi nyumbani.

Sasa simama, uchukue sumaku. Bodi ya gari hili si ya chuma bali ni ya mchanganyiko wa alumini, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kiliadimika Uingereza. Kwa hiyo sumaku ikinasa kwenye bawa, jua kwamba mtu amekata bati na kuligeuza bodi. Lakini ule ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva ni wa chuma, na hapo sumaku haina budi kunasa kila mahali. Katika gari letu la kwanza niliukuta ukuta ule una tundu lenye upana wa kiganja, pale pale dereva anapopumzisha kisigino; nikachomelea kiraka juu ya kutu, nikakizungushia puti, nikapiga msasa hata mkono ukawa unateleza juu yake, nikaona kazi imekamilika. Mke wangu akaleta sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio, akaipitisha polepole. Ikanasa, ikanasa, kisha ikaanguka sakafuni.

“Baba Neema,” akasema, “hapa hapana chuma.”

Nilikikata kiraka kile siku ile ile, na tangu hapo sijapata kutazama ukuta wa gari la mtu bila kuisikia sumaku ile ikianguka.

Ama umeme, fuata rangi za nyaya, kwani kiwanda kiliziwekea kanuni: kahawia hutoka kwenye betri, nyeupe ni ya swichi ya kuwashia, kijani hupitia fyuzi baada ya swichi, nyekundu ni ya taa ndogo, buluu ya taa kubwa. Ukifungua dashibodi ukakuta nyaya zote ni nyekundu, zimefungwa kwa plasta, gari hilo litawaka leo na kukuacha porini usiku wa masika. Mke wangu hutumia juma zima kutafuta waya wa rangi inayostahili, na mimi, niliyekuwa nikilalamika zamani, sasa nasema wazi kwamba yu katika haki.

Rangi, ambayo mnunuzi mchanga huanza nayo, mimi naiweka karibu na mwisho. Tazama zile pembe na kingo za juu za bodi ya nyuma: kiwandani zilichovywa zinki zikaachwa na wajihi wake wa kijivu, na fundi asiyejua huzipulizia rangi ya bodi, nayo hubanduka upesi kama ganda la kitunguu. Kadhalika, alumini ikigusana na chuma pakiwa na unyevu, alumini huliwa na kutoa unga mweupe. Ukiuona unga huo ukivimbisha rangi mpya kando ya ribiti, fahamu kwamba bodi haikuvuliwa, imepulizwa juu kwa juu.

Limebaki suala la mageuzi, nalo huwagombanisha watu. Wapo wasemao gari la kale lisibadilishwe hata parafujo. Mimi si miongoni mwao, kwa sababu Land Rover iliundwa kwa kazi, na kazi hubadilika. Tangi la pili la mafuta, vishikio vya madumu ya maji, mpira mnene wa mlango wa kuzuia vumbi la Kishapu, yote hayo nayahesabu kuwa ni adabu kwa nchi, maadamu yamefungwa kwa nati na yaweza kuondolewa pasi na kuacha jeraha. Injini ni jambo jingine. Injini ya dizeli ya Toyota au Isuzu iliyopachikwa mahali pa ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2286 ni uamuzi unaoeleweka, lakini nguvu yake ikizidi, shafti za ekseli ya nyuma, ambazo ni dhaifu katika magari mengi ya kabla ya 1972, hukatika. Na gari lililoongezewa mwendo likaachiwa breki zake za zamani ni khiyana kwa atakayelipanda. Ukiona injini mpya, uliza kwanza habari za breki na ekseli. Jibu likichelewa, umekwisha kujibiwa.

Mwisho, nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna tufe la chuma linalong'aa, ambalo gurudumu hulizunguka linapokata kona. Lifute kwa kitambaa, kisha lipitishie ukucha. Likiwa na vishimo, hakuna sili itakayozuia oili, iwe mpya namna gani.

Gari tulilo nalo sasa ni la mwaka 1966. Karatasi yake ya ukaguzi, iliyobandikwa ukutani, ina mistari 31, na 30 imekwisha kutiwa sahihi na yule asiyeifanya kazi. Mstari uliosalia ni wa tufe la kushoto, lenye vishimo vitatu ambavyo mke wangu amevihisi kwa ukucha wake. Mpaka lipatikane jingine, gari hilo haliuzwi.