Mgema, Mvinyo na Mhakiki

Kiswahili kina maneno mawili kwa kinywaji kitokanacho na zabibu. Mvinyo ni neno lenye asili ya Kireno, nalo tuliachiwa na wale waliotia nanga pwani yetu kuanzia mwaka 1498. Divai asili yake ni Kifaransa, na yaelekea lilienea kutoka altareni, kwa wamisionari waliofungua vituo Unguja mwaka 1860 na Bagamoyo mwaka 1868. Lugha iliyopokea majina mawili kwa kitu kimoja ingetazamiwa kuwa na mengi ya kusema juu ya kitu hicho. Lakini mwulize mtu sebuleni mwake habari za mvinyo alioandaliwa jana: atakujibu kwamba ni mtamu, au kwamba ni mkali, kisha atanyamaza.

Makala haya hayakusudii kumfundisha mtu kunywa. Wako wasomaji ambao dini yao imewakataza, na wako wanafunzi ambao umri haujawaruhusu. Kwao mvinyo na uwe mfano tu wa namna ya kukihukumu kitu kilichotengenezwa kwa mikono ya watu. Hoja yangu ni kwamba mvinyo wetu wa Dodoma haujapata bado uhakiki wa haki, na kwamba sababu kubwa haimo kiwandani peke yake, bali imo pia majumbani mwetu.

Mizabibu ililetwa Dodoma na wamisionari, na jina la Bihawana halikosekani katika habari hizo. Baadaye utafiti wa Serikali uliwekwa Makutupora, na aina moja ya zabibu nyekundu ikachukua jina la mahali hapo. Nchi hiyo iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mvua yake ni chache, na kiangazi chake ni kirefu. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, ukazaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haulali, mkulima huupogoa, nao ukaamka, hata akavuna mara mbili, yapata mwezi wa Machi na tena yapata Agosti. Jambo hili ni la kujivunia, na watu wamejivunia kweli kweli. Katika karamu za kiofisi nimesikia mvinyo huo ukisifiwa na watu ambao bilauri zao zilibaki zimejaa mpaka mwisho wa hotuba.

Wahenga walikwisha kutuonya: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii huchukuliwa kuwa ni ya kumkemea mgema. Mimi naona inamkemea zaidi yule anayesifu bila kuonja. Kwa upande wa pili wako wanaokejeli, ambao kwao chochote chenye jina la kigeni ni bora. Hawa nao hawaonji. Husoma karatasi ya chupa tu.

Na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipohamia Dodoma kikazi nilinunua chupa ya mvinyo mwekundu wa huko, nikaisimamisha juu ya kabati, chini ya bati, kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, ili wageni waione. Ilikaa hapo miezi tisa. Siku nilipoifungua kizibo kilikatikakatika, na kilichotoka kilinukia zabibu zilizoungua, na nyuma yake siki. Mgeni wangu akacheka, akasema, "Ndiyo mambo ya kwetu hayo, kaka." Nami nikacheka pamoja naye. Kicheko hicho kimenikera hadi leo, maana tulimhukumu mkulima na fundi wake kwa kosa la mwenye nyumba.

Chupa yenye kizibo cha gome yafaa ilazwe, ili mvinyo uguse kizibo kisikauke. Kikikauka husinyaa, hewa ikaingia, na vijidudu vya siki vikapata njia. Wagema wa pwani wanayajua haya tangu zamani, maana tembo likiachwa huishia kuwa siki. Joto nalo hupika mvinyo, na mwanga huuharibu. Kwa hiyo pahali pake ni chini, gizani, penye utulivu, mbali na jiko. Wataalamu hutaka nyuzi 12 hadi 15. Nani miongoni mwetu ana pango la namna hiyo? Lakini tunaye mwalimu, naye ni mtungi. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu udongo wake hutoa jasho. Vivyo hivyo sanduku la mchanga uliolowanishwa, likiwekwa kivulini, hupunguza joto la chupa. Hewa kavu ya Dodoma husaidia sana katika hilo. Tanga au Unguja, penye hewa ya unyevu, nafuu yake ni ndogo. Chupa ikishafunguliwa na iwekwe ndani ya friji na kumalizwa kwa siku chache.

Vitabu vya kigeni husema mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba. Chumba hicho si cha Dar es Salaam! Ni chumba cha Ulaya cha nyuzi 16 au 18. Anayefuata maneno hayo nyumbani kwake mwezi wa Februari atakunywa kitu vuguvugu, kisha atamlaumu aliyekitengeneza. Na auweke kwenye friji kwa muda mfupi kwanza.

Kuhusu kununua sina mengi. Epuka duka linalopanga chupa dirishani juani. Tazama mwaka wa mavuno, kama umeandikwa, na usidanganyike kwamba kila mvinyo huboreka kwa kukaa. Mwingi umetengenezwa unywewe mapema.

Yabaki maneno. Tunaambiwa Kiswahili hakina lugha ya kuhakiki mvinyo. Mtoto aliyeuma bibo bichi analijua neno ukakasi, na ndilo hasa linalohitajika kwa ile hali ya ulimi kukwaruzwa na mvinyo mwekundu. Tuna uchachu, tuna uchungu, na tunaweza kusema ladha imepooza au imekolea. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake kwamba shairi "ni zuri" bila kutaja vina, mizani wala wazo, anafanya kosa lile lile la mnywaji wa karamuni.

Mwaka fulani nilimkaribisha mzee mmoja jirani, mkulima wa zabibu. Alikuwa ameuza zabibu kwa miaka mingi, lakini mvinyo wake hununua mara chache, kwa kuwa bei yake inampita. Safari hii chupa nilikuwa nimeilaza vizuri. Akaonja, akakaa kimya kitambo.

"Una uchachu, bwana, tena una ukakasi wa ubichi," akasema. "Zabibu hizi zilichumwa kabla ya siku zake."

Nikamwuliza, "Kwa nini, mzee?"

"Lori likija usipouza, zinaozea shambani. Nani atangoja ziive?"

Akaonja tena, akaniomba nimsomee karatasi ya chupa, imeandikwa nini.

Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza.