Madoido si Nakshi

Waingereza husema "kengele na filimbi" kwa vikorombwezo vya bidhaa, vyenye kuvutia jicho bila ya kuongeza kazi. Mfasiri akiyachukua maneno hayo kama yalivyo, msomaji atadhani wanafunzi wametoka skuli na mpira umeanza. Neno letu ni madoido, wala si nakshi. Nakshi za mwimo wa mlango wa Unguja zimechongwa katika mti wenyewe; haziondoki ila na mti wake. Basi wakosea wanaoviita vina na mizani madoido ya shairi: mshororo wa mizani 16 ukipungukiwa na mbili, mwimbaji hukwama. Bali kina kilicholetwa kwa neno lisilo na maana, hicho ni kengele na filimbi kweli.