Kijani cha kaburini: ufundi wa mitungi ya Zhejiang

Katika Jumba la Makumbusho la Kasri, Beijing, umo mtungi wa kaburini wenye kimo cha sentimita 46 hivi. Ulipatikana Shaoxing, mkoani Zhejiang, na maandishi yake yanautaja mwaka wa tatu wa kipindi cha utawala cha Yong'an, yaani 260 BK, zama za dola ya Wu. Tumboni ni mtungi wa kawaida. Kazi yenyewe iko begani: jumba la ghorofa, ndege waliosongamana, wapiga ala, na kobe aliyebeba bamba linaloomba mali, vyeo, wana wengi na umri mrefu.

Mwili wa mtungi ulifinyangwa kwa gurudumu. Sanamu zilifanywa kwa mkono au kwa kalibu, zikagandishwa kwa uji wa udongo. Hapo ndipo fundi hupimwa, kwa sababu udongo hunywea ukikauka na hunywea tena motoni. Ndege mkavu akibandikwa kwenye bega bichi, kiungo hupasuka.

Kisha rangi. Mafundi wa enzi ya Han, iliyoitangulia Wu, walikuwa na kijani rahisi cha vyombo vya makaburini: mchanganyiko wa risasi na shaba, unaoyeyuka chini ya nyuzi 1,000 za Selsiasi juu ya udongo laini. Wenzao wa Zhejiang walishika njia ngumu zaidi. Walichanganya majivu na udongo, wakaupaka mtungi. Chokaa iliyomo majivuni husaidia mchanganyiko kuyeyuka, lakini joto lazima lifike kama nyuzi 1,200. Kwa joto hilo mwili wa chombo hukaza kama jiwe, na utando wa kioo hushikamana nao.

Kijani chenyewe hutoka kwenye chuma kidogo tu. Moto ukinyimwa hewa, hunyang'anya oksijeni iliyoshikana na chuma, na utando hugeuka kijani. Hewa ikizidi, huwa manjano au kahawia. Yote hayo yaliamuliwa ndani ya tanuri refu la kuni lililojengwa kwenye mteremko, ambamo moto uliowashwa chini hupanda wenyewe. Kulitawala bila kipimajoto, kwa chombo kilichojaa mabawa na shingo nyembamba, ni umahiri wa hali ya juu kabisa.

Mitungi ya aina hii ilitoweka katika karne ya 4. Matanuri ya Zhejiang yaliendelea na vyombo vya mezani, na vigae vya vyombo hivyo vya karne ya 9 na 10 vimechimbuliwa Shanga na Manda, pwani ya Kenya.