Ruwaza Si Sababu: Uhakiki wa Programu ya Eureqa

Mwaka 2009, Michael Schmidt na Hod Lipson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha makala katika jarida la Science. Waliipa kompyuta vipimo vya mwendo wa pendulamu mbili zilizoning'inizwa moja chini ya nyingine, nayo, bila kufundishwa fizikia, ikatoa mlinganyo wa nishati. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa programu ya Eureqa.

Naisifu programu hii kwa sababu haimpi mtafiti jibu moja tu. Huipanga milinganyo kuanzia ile rahisi hadi ile tata, ikionyesha kila mmoja unakosea kwa kiasi gani. Dosari naiona katika ile imani kwamba data ikitosha, kanuni itajitokeza yenyewe. Pendulamu unaweza kuisukuma upya mara elfu. Mto huwezi kuurudisha nyuma.

Mto unaopita hapa Juba unatoka Ziwa Victoria, na mfano wangu ni wa ziwa hilo. Mwaka 1923, Mwingereza Charles Brooks, mtaalamu wa hali ya hewa, alilinganisha usawa wa maji yake na idadi ya madoa ya jua tangu 1896. Madoa yalipoongezeka, ziwa lilipanda, yalipopungua, lilishuka. Ruwaza ilionekana wazi hata bila kompyuta. Miaka michache baadaye ikavunjika. Kisha mwaka 1961 zikanyesha mvua kubwa, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda takriban mita 2.5, ilhali madoa ya jua yalikuwa yakipungua. Huku kwetu, kinamasi cha Sudd kikatanuka sana.

Naamini Eureqa ingepewa data ya Brooks ingeuona uhusiano uleule. Hata kama ingefichwa baadhi ya miaka ili ijaribiwe nayo, miaka hiyo ingetoka katika kipindi kilekile, na mtihani ingeufaulu. Mizunguko miwili na ushei ya madoa ya jua, kila mmoja wa miaka 11 hivi, ni ushahidi mdogo mno.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na kweli mvua hutoka mawinguni. Eureqa haiulizi maji yanatoka wapi. Swali hilo ni letu sisi wanafunzi. Tukilisahau, atakayelipa ni mfugaji wa Bor aliyeambiwa mwaka huu hakuna mafuriko, akabaki na ng'ombe wake bondeni.