Nguo ya Mapazia

«Usione vyaelea, vimeundwa», walisema wazee. Watu huenda kutazama sinema, hucheka, hulia, kisha hurudi nyumbani. Lakini ni wachache wanaouliza ni nani aliyeunda vitu walivyoviona. Leo, wasomaji wapenzi, tuitazame nguo moja tu: ile ya kijani iliyovaliwa na Vivien Leigh katika sinema Gone with the Wind ya mwaka 1939, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina lake la Kifaransa, Autant en emporte le vent. Miaka zaidi ya 80 imepita, na bado watu wanaitaja. Kwa sababu gani?

Kwanza tukumbuke hadithi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vimekwisha. Scarlett O'Hara, binti wa tajiri mwenye shamba la pamba na watumwa katika jimbo la Georgia, amekuwa maskini. Anadaiwa kodi ya dola 300. Asipolipa, shamba litapotea. Anamkumbuka Rhett Butler, mtu mwenye fedha, aliyefungwa gerezani mjini Atlanta. Lakini ataendaje kumwomba akiwa amevaa matambara? Anatazama dirishani, anaona mapazia ya mahameli ya marehemu mama yake, anayavuta chini. Mapazia yatakuwa nguo.

Fundi aliyeibuni nguo hiyo ni Walter Plunkett, ambaye kabla ya kuchora alisafiri mpaka Georgia kuchunguza mavazi ya zamani. Kazi yake haikuwa nyepesi. Nguo ilipaswa kuwa nzuri kiasi cha kumdanganya Rhett kwa muda mfupi. Na papo hapo ilipaswa kubaki pazia machoni petu sisi watazamaji.

Tuone alivyofanya. Mahameli ni mazito, nayo yanaanguka kwa mikunjo mikubwa kama yalivyoanguka dirishani. Kamba ya rangi ya dhahabu imekuwa mshipi, na vishada vyake vinaning'inia. Kofia imepambwa kwa manyoya ya jogoo, yaani kitu kinachookotwa uani. Sketi ni pana sana, kwa maana mtindo wa siku zile ulidai hivyo. Na katika nyumba iliyoishiwa, kitambaa kingi namna hiyo kingetoka wapi isipokuwa madirishani? Rangi ya kijani ilikuwa tayari katika kitabu cha Margaret Mitchell cha mwaka 1936. Plunkett angeweza kuondoa kamba na vishada, apate nguo ya heshima tupu. Hakufanya hivyo. Aliviacha viseme nguo ilikotoka.

Mwaka 1976 Carol Burnett aliigeuza sinema hiyo kuwa mchezo wa kuchekesha katika televisheni. Bob Mackie alimshonea nguo ya pazia ambayo ule mti wa kutundikia ulikuwa bado umelala mabegani. Watu walicheka mno. Kicheko hicho kilikuwa sifa kwa Plunkett, maana hakuna aliyehitaji kuelezwa ni nguo gani.

Lakini ufundi peke yake hautoshi kueleza kwa nini nguo hii inapendwa. Kila mtu aliyepiga pasi shati lake moja kabla ya kwenda kuomba kazi anamwelewa Scarlett. Anataka kusimama mbele ya mwenye mali kama mtu, si kama mwombaji. Rhett karibu anamsadiki. Kisha anamshika mikono, anaitazama, anakuta imekauka na kuota sugu kama mikono ya kibarua wa shambani. Hapo maneno yote yanakwisha. Nguo ilikuwa imesema uongo, mikono ikasema kweli.

Basi, na sisi tuulize habari za mikono mingine. Scarlett alipovuta mapazia, alimwagiza Mammy alete karatasi za kukatia nguo. Mammy ni mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa wa nyumba ile tangu zamani. Baada ya hapo picha inaruka: tuko Atlanta, na nguo imekwisha kushonwa. Hatuoni mkasi, sindano, wala macho yaliyochoka. Mikono ya Scarlett ina sugu za muda mfupi, na sinema inataka tuhuzunike. Mikono ya Mammy imefanya kazi maisha yake yote, wala hakuna anayeishika na kuitazama. Tena sinema inaonyesha watumwa kana kwamba waliridhika na hali yao. Huo si ukweli, na uzuri wa rangi hauwezi kuufanya kuwa ukweli.

Nje ya sinema mambo yalikuwa vivyo hivyo. Hattie McDaniel, aliyecheza Mammy, hakuwapo Atlanta picha ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwezi wa Desemba 1939, kwa sababu sheria za Georgia zilitenga weusi na weupe. Tarehe 29 Februari 1940 alipewa zawadi ya Oscar, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Na usiku huohuo alikuwa ameketishwa kwenye meza ndogo kando ya ukuta, mbali na wenzake.

Kwa hiyo nasema: nguo hii ni ya kweli kuliko sinema iliyoizaa. Nguo haikuficha kamba yake; sinema ilificha jasho lililonunua mapazia yale.

Leo nguo hiyo inatunzwa katika Harry Ransom Center, chuo kikuu cha Texas mjini Austin. Nguo za sinema hushonwa kwa siku chache za kupigwa picha, si kwa kudumu. Ndiyo maana mwaka 2010 watu waliombwa msaada wa kuhifadhi mavazi ya picha hiyo, nao wakatoa zaidi ya dola 30,000. Walifanya vema, kwa maana kazi njema ya mikono yastahili kutunzwa.

Nawe msomaji, siku utakapoiona sinema hii, sifu kazi ya Plunkett bila haya. Kisha mtazame yule mwanamke anayetembea Atlanta kando ya Scarlett, na umshukuru yeye pia kwa nguo ile.